Darasa la Nyuma ya Kanisa

Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao kila Jumapili wanafanya kazi ngumu kuliko ya mhubiri, na hakuna anayewataja kwenye matangazo ya kanisa. Ni walimu wa watoto, wale tunaowaita walimu wa shule ya Jumapili, au sande skuli kama tulivyozoea kusema. Ndugu zetu Wakatoliki wana makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu. Kazi ni moja: kuketi na watoto wetu, wakiwemo wale watukutu kabisa, na kuwafundisha habari za Mungu.

Nitazungumza hasa kuhusu Malinya, huko Idakho katika kaunti ya Kakamega. Sehemu hizo zina makanisa karibu kila kilima. Marafiki, wanaojulikana pia kama Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902, ikafuata misheni ya Kima, ambayo baadaye ilikuwa ya Church of God, na Wakatoliki wakaanzisha misheni ya Mukumu mwaka 1906. Baadaye wakaja Jeshi la Wokovu, Wapentekoste na makanisa ya Roho. Kwa hiyo tunazungumza juu ya nchi ambayo imepitisha vizazi kadhaa vya watoto katika madarasa ya kanisa. Kama kuna mahali tungetarajia kazi hii iwe imeshika mizizi na kupata heshima yake, ni hapo.

Sasa tazama Jumapili yenyewe inavyokwenda. Ibada inaanza, watoto wanaitwa mbele waimbe wimbo mmoja, waumini wanatabasamu, mchungaji anawaombea, kisha wanaambiwa watoke. Wanaenda wapi? Nyuma ya kanisa. Chini ya mti, kwenye veranda ya nyumba ya mchungaji, katika kanisa la zamani la udongo ambalo madirisha yake hayafungi, au jikoni ambako akina mama wanapika chakula cha wageni. Huko anawangoja msichana wa kidato cha pili, hana ubao, hana chaki, ana Biblia moja. Wa miaka mitatu yuko hapo na wa miaka kumi na mitatu yuko hapo. Mdogo analilia mama yake. Mkubwa ameona aibu kuchanganywa na watoto wa chekechea, na aibu ya mvulana wa miaka kumi na mitatu mnajua huwa inatokea kwa mlango gani: ataanza mchongoano, atamwiga mhubiri, atamfinya jirani yake ili alie wakati wa maombi. Wengine wamekuja na mapera mfukoni na baada ya dakika kumi mapera yanaruka. Wawili wameteleza hadi dukani na sarafu ya sadaka.

Msichana yule anapaza sauti mpaka koo linakauka. Na mle ndani, mzee wa kanisa anatumwa atoke aseme, "Hao watoto wanyamaze, tunasikiliza neno."

Hapo ndipo naanzia ubishi wangu wa leo. Tunasema watoto wa siku hizi hawatulii. Tunalaumu simu, runinga, na wazazi walio Nairobi waliomwachia nyanya mzigo wa kulea. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini nenda Malinya siku ya fahali. Wasikilizaji wa mbali huenda mnajua kwamba Waisukha na Waidakho hupiganisha fahali, fahali kwa fahali, na uwanja wa Malinya una jina katika mchezo huo. Fahali huletwa uwanjani kwa nyimbo, kwa firimbi na kwa ngoma. Mtazame mvulana huyu tunayesema hawezi kutulia. Amesimama kwenye nyasi zenye umande, shingo ameinyoosha, hapepesi macho. Anajua jina la kila fahali. Anajua ni wa nani, alimshinda nani mwaka jana, na ni pembe ipi anayoitegemea. Akirudi nyumbani atasimulia pambano lote mwanzo hadi mwisho, kila hatua mahali pake, wala hakuandika kitu.

Mtoto huyo huyo Jumapili anasomewa habari za Daudi na Goliathi, habari za pambano, na baada ya dakika tano yuko juu ya mti wa mpera. Uwezo wa kutega sikio anao, tena mkubwa. Tumemsomea pambano kwa sauti ya kusoma orodha ya wafiwa, halafu tukamwambia akariri mstari. Hakuulizwa mawe yalikuwa mangapi, kwa nini Daudi alikataa mavazi ya vita ya mfalme, wala angefanyaje yeye angekuwa ndiye aliyeachwa kuchunga kondoo wakati kaka zake wakubwa wako vitani. Watoto wengi wa Idakho wanaijua vizuri kazi hiyo ya kuachwa na mifugo. Hilo tu lingetosha kipindi kizima.

Chukueni pia ngoma ya isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kuokolewa haraka. Hiyo haikuwa zawadi ya urembo. Walioipeleka huko walieleza kwamba urithishaji wake unadhoofika, kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee na hawana warithi wa kutosha. Isukuti ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya mnyama na njuga. Anayejifunza hakai kando akielezwa isukuti ni nini. Anasimama karibu na mpigaji, anaitikia wimbo, anabeba kitu, mkono wake unapata kazi kabla kichwa hakijapata maelezo. Sasa sisi kanisani tunawachukua watoto wa nchi hiyo, tunawaketisha kwenye nyasi, mikono imekunjwa, na kuwaambia wasitikisike. Halafu tunashangaa wakitikisika!

Najua kuna mwalimu ananisikiliza na anasema, huyu anaongea tu, hajawahi kubaki peke yake na watoto sitini. Nimewahi, dada yangu. Na ndiyo maana sitasema ni kazi rahisi. Kuna mtoto ambaye ukimpa kazi ataivuruga, ukimnyima atawavuruga wenzake. Kuna siku unarudi nyumbani ukitaka kulia. Ninachokataa ni ile haraka yetu ya kumbandika mtoto jina la "mtundu" na kufunga faili.

Hapa Kenya tuna desturi ambayo kila aliyepita shule ya msingi anaijua: orodha ya wapiga kelele. Kiranja anakaa mbele na kalamu, anaandika majina, na wanaozidi wanawekewa alama ya pili na ya tatu. Desturi hiyo imehamia kanisani na daftari lake. Jumapili baada ya Jumapili utaona majina ni yale yale manne au matano. Mwalimu akiwa na subira, aulize majina hayo yana habari gani. Nawaambia kwa yakini, mara nyingi yana habari. Huyu hakulala, maana kulikuwa na matanga kijijini na disko matanga ilivuma hadi alfajiri, ingawa serikali imepiga marufuku disko hizo mara kadhaa. Huyu ametoka nyumbani bila hata chai ya rangi, na saa tano sasa imefika. Huyu ana funza miguuni. Mtu mwenye funza hawezi kukaa, hata akiwa askofu. Huyu hasikii vizuri sikio la kushoto, na miaka yote hiyo ameitwa mkaidi kwa sababu haitiki akiitwa. Na huyu anaongea Kiidakho nyumbani, anafundishwa kwa Kiswahili, na kitabu cha masomo kilicholetwa na wageni kimeandikwa kwa Kiingereza na kina picha za watoto wanaocheza kwenye theluji.

Kuna pia wale wa machimbo. Dhahabu ya Kakamega ilianza kuvutia watu kutoka mbali miaka ya 1930, na mpaka leo eneo la Ikolomani, huko huko Kakamega, lina wachimbaji wadogo wadogo wanaoingia mashimoni kila siku. Watoto huonekana huko, wakiponda mawe au kuosha mchanga, wakati wenzao wako shuleni. Mtoto aliyeshinda na watu wazima machimboni juma zima, aliyeshika fedha yake mwenyewe na kusikia lugha ya huko, Jumapili hataketi kama malaika kwa sababu amevaa shati safi. Nashukuru anapokuja. Kuja kwenyewe ni jambo.

Na hapo, wasikilizaji, nataka tukumbuke shule ya Jumapili yenyewe ilitoka wapi, maana tumeisahau asili yake. Mwaka 1780, katika mji wa Gloucester huko Uingereza, kulikuwa na mwenye gazeti aliyeitwa Robert Raikes. Watoto maskini wa mji ule walifanya kazi siku sita, wengine katika viwanda vya kutengeneza pini. Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kupumua, nao walizagaa mitaani wakipigana na kutukana mpaka watu wa heshima wakaacha kupita njia hiyo. Raikes, akisaidiana na kasisi Thomas Stock, hakuanza na watoto watulivu wa waumini. Alianza na hao. Mwanamke aitwaye Bi Meredith aliwapokea nyumbani kwake, katika kichochoro kilichojulikana kama Sooty Alley, na wavulana wale walimtoa jasho vibaya. Darasa ikabidi lihamishiwe kwa mwanamke mwingine. Walimu hao wa kwanza walilipwa kwa kazi yao. Watoto walifundishwa kusoma, na Raikes alichodai kwao ni uso ulionawishwa na nywele zilizochanwa. Kufikia mwaka 1831 shule za namna hiyo katika Uingereza zilikuwa na watoto zaidi ya milioni moja.

Kwa hiyo mtoto mtukutu hakuvamia shule ya Jumapili. Shule ya Jumapili iliundwa kwa ajili yake. Sisi ndio tuliogeuza mambo, tukaifanya mahali pa kuwaonyesha watoto waliokwisha kutulia, na aliyetengenezewa darasa tukamwona mgeni anayelichafua.

Sasa nije kwenye fimbo, maana najua mnaingoja. Bado kuna makanisa ambako mwalimu wa watoto anaingia darasani na ufito wa mpera. Wazazi wengine humsifu: huyo ndiye mwalimu, huyo watoto wanamwogopa. Sheria ya nchi imekwisha kusema. Adhabu ya kiboko ilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kila aina ya ukatili na dhidi ya adhabu isiyo ya kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza adhabu ya mwili na pia mateso ya akili. Mtu ataniambia, kanisa si shule. Lakini mtoto ni yule yule, na ngozi ni ile ile. Kama mwalimu aliyesomea kazi yake na kuajiriwa na serikali hana ruhusa ya kumchapa siku ya Jumatatu, ruhusa hiyo kijana wa kujitolea ameipata wapi siku ya Jumapili?

Wapo watakaofungua Mithali sura ya 13. Mimi nawaomba wafungue pia Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo alihubiri huko Troa mpaka usiku wa manane, na kijana mmoja jina lake Eutiko, aliyekuwa ameketi dirishani, alizidiwa na usingizi akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Mnajua Paulo alifanya nini? Alikatiza mahubiri, akashuka chini, akamkumbatia. Hakuna mahali tunapoambiwa alimkemea kwa kulala. Na mimi nikisoma habari hizo huwa naona kwamba Luka aliyeandika hakuficha urefu wa mahubiri. Ametuambia wazi kwamba Paulo aliendelea sana kuongea. Ibada zetu za saa nne tunaziweka juu ya watoto wa miaka mitano, kisha tunawahesabu kuwa wakosefu. Kipindi cha watoto wadogo kikizidi nusu saa bila kusimama, bila kuimba, bila kubadili kazi, aliyekosa ni aliyepanga kipindi.

Kuna adhabu nyingine ambayo haina alama mwilini, nayo nimeiona ikiuma kuliko ufito: kumsimamisha mtoto mbele ya kanisa zima baada ya ibada na kumtaja kwamba huyu ndiye aliyesumbua. Mama yake anainamisha kichwa. Jumapili ifuatayo haji, wala mama haji. Miaka kumi baadaye tunauliza vijana wa kiume walikwenda wapi.

Kinachosaidia ni nini? Nitasema yale niliyoyaona yakifanya kazi, na mtu anaweza kuwa na mengine bora. La kwanza, na hili halina gharama, ni kuwatenganisha kwa umri. Makundi mawili tu yanapunguza fujo kwa namna ambayo hamtaamini. Wakubwa wa miaka kumi na miwili na mitatu wapewe kundi lao, mahali pao, na mwalimu anayeweza kujibu maswali yao magumu, maana wana maswali: kwa nini Mungu aliacha baba afe, kwa nini mchungaji ana gari. Hayo mengi tunayaita utovu wa adabu ni maswali ambayo hayakupata pa kuulizwa.

Jambo la pili ni kumpa mtukutu kazi ya kweli. Sisemi kazi ya kumdanganya. Ngoma ya darasa ashike yeye. Funguo za sanduku la vitabu abebe yeye. Aigize Goliathi, na aanguke vizuri. Aende na mwalimu kumjulia hali mwenzao aliyelazwa hospitali ya Iguhu. Nimeona mvulana aliyeshindikana na walimu watatu akawa ndiye anayewahesabu wadogo kabla ya kuvuka barabara, na hakuna aliyepotea. Nishati ile ile iliyokuwa ikitupa mapera ndiyo iliyokuwa ikihesabu.

Jambo la tatu ndilo litakalowaudhi baadhi ya viongozi, lakini nalisema kwa mapenzi. Tazameni ni nani mnayempa darasa. Katika ushirika wenu kuna walimu wa chekechea, watu waliosomea namna mtoto mdogo anavyojifunza, na tangu mwaka 2013 elimu hiyo ya awali iko mikononi mwa kaunti. Wako hapo kila Jumapili, wameketi kwenye kwaya. Kuna walimu wa shule za msingi ambao wamekuwa wakifundisha kwa mtaala wa umilisi tangu ulipoanza gredi za chini mwaka 2019, wanajua kumfanya mtoto ajifunze kwa kutenda. Hao mmewafanya waweka hazina, makatibu, wenyeviti wa maendeleo. Darasa la watoto mmempa aliyeokoka mwezi jana, ili apate pa kuanzia. Huyo kijana si mbaya, tena anahitajika sana. Lakini awe wa pili, asimame kando ya aliyekomaa, ajifunze. Na watu wazima wawe wawili kila mara, mbele ya macho ya watu, kwa usalama wa watoto na kwa heshima ya walimu wenyewe.

Wazazi, nina neno nanyi pia. Kumleta mtoto mpaka lango la kanisa na kumwachia mwalimu kana kwamba mmetua mzigo haitoshi. Mwambieni mwalimu mtoto anaumwa nini, anaogopa nini, nyumbani kumetokea nini. Mpeni uji kabla ya kutoka; uji wa mtama hauchelewi. Na akirudi, muulizeni amejifunza nini, kisha mumsikilize hadi mwisho, hata kama habari za Yona zimeingiliwa na habari za fahali.

Halafu kuna jambo moja la fedha ambalo nimelitafakari kwa muda mrefu. Watoto wetu hutoa sadaka. Sarafu ya shilingi tano, ya kumi, imefungwa kwenye kona ya leso. Inakusanywa nyuma ya kanisa, inaletwa mbele, inamiminwa katika kapu kubwa, inahesabiwa pamoja na ya watu wazima. Kutoka hapo inakwenda kwenye spika, mabati, na posho ya mgeni. Katika makanisa mengi niliyopita hakuna hata mstari mmoja katika makadirio ya mwaka wenye neno "watoto." Mwalimu akitaka chaki, ananunua mwenyewe. Akitaka penseli za rangi, anaambiwa aombe wafadhili.

Miezi hii kamati za makanisa zinaketi kupanga mwaka ujao. Ninyi wazee wa Malinya, wa Musoli, wa Iguhu, wa Eregi na kwingineko, hesabuni sadaka ya watoto peke yake kwa robo moja tu ya mwaka. Andikeni jumla yake kwenye ubao ili kila mtu aione. Kisha mwiteni yule msichana wa kidato cha pili ndani ya kikao, mpeni kiti, mumuulize kwa jumla hiyo anataka anunuliwe nini kwanza.